Kaburi la Mkwe

Coon Rapids, Minnesota
2 Februari 2014

Mjomba Evodius,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umpelekee Mama Jairus jikoni. Goti lako likoje? Sisi huku ni wazima. Baridi ya mwaka huu imewatisha hata waliozaliwa hapa. Shule zimefungwa kwa sababu ya baridi tu, na ukitoka nje na nywele mbichi zinaganda kabla hujafika kwenye gari. Mwanao Jairus hajambo. Bado yuko kwenye ghala kule Shakopee, ameongezewa shift na analalamika kama kawaida yake.

Habari ya Baba unayo, Jairus alikupigia simu siku ileile. Alifariki tarehe 11 Januari, mchana. Moyo ulisimama akiwa anaondoa theluji mbele ya nyumba ya jirani. Ya kwetu alikuwa ameshaimaliza.

Sikupigii simu kwa sababu ulishaniambia kwamba mambo ya kibanja, ardhi ya ukoo, huandikwa, kwa kuwa simu humfanya mtu aitikie ndiyo ili tu salio la mwenzake lisiishe. Basi naandika.

Baba aliacha neno moja. Alilisema mwaka jana tukiwa tunatoka kanisani, na akalirudia siku ya Krismasi mezani, ili nisije nikasema sikusikia. Alisema kwa Kiswahili, kile chake cha kiwandani: "Nimezaliwa Batangas, nimefanya kazi Minnesota, lakini mke wangu yuko Bugandika. Mnipeleke kwa mke wangu."

Dada zake wa Ufilipino walimtaka azikwe kwao. Nimewakatalia.

Mama amelala katika kibanja chako, na wewe ndiye mwenye kauli. Naomba nafasi kando ya kaburi lake. Sina ombi jingine.

Mpwa wako,
Ernestina


Bugandika, Bukoba
9 Machi 2014

Mpwa wangu Ernestina,

Marahaba. Goti linanitii asubuhi, jioni linaniasi. Mama Jairus anakusalimu na anauliza kama bado unakula. Mvua zimewahi. Migomba ya upande wa barabarani imepata mnyauko, tumeing'oa na kuifukia kama bwana shamba alivyotuagiza. Ya upande wa makaburi haijaguswa.

Pole kwa msiba. Baba yako alikuwa mchapa kazi, hilo hakuna atakayelikana. Nakumbuka mwaka wa 1983 alipokuja kuposa. Mfilipino aliyeletwa kufunga mabomba ya mvuke kwenye kiwanda cha sukari, hana baba hapa wala mjomba wa kumsemea, amekuja na fundi mwenzake tu. Marehemu Babu yako akasema tumjaribu. Tukampeleka kwenye mtumbwi wa kukamulia ndizi za rubisi, pombe yetu, tukamwambia akanyage. Akapanda na soksi. Alisema kwao chakula hakikanyagwi kwa miguu mitupu. Wanawake walicheka hadi wakakaa chini. Lakini alikanyaga mpaka juisi yote ikatoka, na kila aliyetaka kumpokea alimwambia asogee. Kijiji kizima kilimwita Soksi mpaka siku mlipohama.

Sasa kuhusu ombi lako. Uliondoka hapa ukiwa na miaka kumi na mitatu, labda mengine hukuyasikia. Mkwe hazikwi kwa wakwe. Mama yako tulimpokea kwa sababu mumewe hakuwa na ardhi, na hata hilo lilituletea maneno. Kwetu kaburi ni sawa na mpaka. Penye kaburi la baba yako ndipo utakaposimama na kusema pana haki yako. Wazee wa ukoo wataniuliza, je, kesho binti wa Mfilipino akija na wakili? Sijasema hapana. Nasema nitawauliza.

Kuna jambo jingine, la matanga yenu huko. Jairus ameniambia. Sipendi kuliandika. Unalijua.

Mwili umewekwa wapi muda wote huu? Na jeneza lina urefu gani? Nauliza kwa ajili ya nafasi.

Mjomba wako,
Evodius


Coon Rapids
6 Aprili 2014

Mjomba,

Shikamoo. Mwambie Mama Jairus ninakula. Theluji inayeyuka, na chini yake tumekuta glavu ya Baba ya mkono wa kushoto. Jairus ni mzima ila amenuna. Kanisani ananipita kama nguzo.

Hakuna jeneza. Baba alichomwa. Najua neno hilo litakavyokukaa, kwa hiyo naliandika mara moja na bila kulizungusha. Ndivyo alivyotaka. Padri aliruhusu, kwa sharti kwamba majivu yazikwe na yasiwekwe kama pambo. Kwa sasa yako juu ya kabati, kati ya sanamu ya Mtoto Yesu aliyoletewa kutoka kwao na picha ya Mama. Kisanduku ni cha mbao, ukubwa wa ile redio ya Babu. Alikitengeneza Maurice, Mkongo aliyefanya naye kazi.

Kuhusu wakili: sitaki ardhi. Nina nyasi hapa ambazo nazikata kila wiki wakati wa kiangazi, na hakuna hata ng'ombe wa kuzila. Kama wazee wanataka, nitaandika na kusaini mbele ya yeyote kwamba sidai hata mgomba mmoja.

Umeandika kwamba alikuwa mchapa kazi. Msimamizi wake naye alisema hivyohivyo kwenye ibada, akarudia mara tatu, na watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikunja uso. Ng'ombe wa plau naye ni mchapa kazi. Ngoja nikueleze alivyokuwa.

Unakumbuka kwamba ni Mama aliyeshinda bahati nasibu ya viza. Baba aliingia Marekani kama mume wa Mhaya, na alipenda kuwaambia Wafilipino wenzake hivyo ili aone nyuso zao. Vyeti vyake vya ufundi havikutambuliwa. Alianza kwa kupanga mashuka katika kiwanda kimoja cha kufulia nguo za hospitali, kule Inver Grove Heights. Sisi tunakaa kaskazini, kiwanda kiko kusini, kwa hiyo kila siku alikatiza majiji yote mawili yaliyo katikati kwenda na kurudi, msimu wa barafu na usio wa barafu.

Wiki ya kwanza msimamizi aliona jina Crisanto ni refu, akamwita Chris. Baba hakugeuka. Akaitwa tena, hakugeuka. Mashuka yakarundikana. Yule bwana akamfuata na kumuuliza kama ni kiziwi. Baba akajibu, "Mwite huyo Chris. Labda yuko chooni." Baada ya hapo waliita Crisanto.

Alisoma upya, akafanya mtihani wa boila, akapata leseni. Miaka kadhaa baadaye vali ya usalama ikaanza kukwama. Aliitolea taarifa. Meneja akamwambia aiache mpaka Jumatatu, kwa sababu hospitali zinasubiri mashuka. Baba akaizima boila. Meneja akashuka mwenyewe, amewaka. Baba akavuta kiti, akakaa mbele ya swichi, akakunja mikono. Maurice alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Anasema meneja alipiga kelele kwa Kiingereza hadi sauti ikakauka, na Baba alimjibu mara moja tu: "Ukitaka kuiwasha, nipitie mimi."

Hakuna aliyempitia. Fundi wa vali alikuja jioni. Hakuna aliyemshukuru Baba, na yeye hakukaa kungoja shukrani.

Huyo ndiye mtu ninayetaka kumzika. Hakuwa mchapa kazi tu.

Kuhusu matanga, liandike. Siwezi kujibu jambo ambalo hujalisema.

Ernestina


Bugandika
20 Mei 2014

Ernestina,

Marahaba. Sisi wazima. Mama Jairus alipata malaria, amepona. Kahawa inaelekea kuiva.

Umechoma mtu. Nimekaa na barua yako muda mrefu kabla ya kumsomea Mama Jairus, na nilipomsomea alitoka nje. Katika ukoo huu hatujawahi kuzika kisanduku.

Umesema niliandike, naliandika. Jairus aliendesha gari kutoka Shakopee katika baridi hiyo mnayoisema, amebeba rambirambi za Watanzania wote. Alikabidhi bahasha, hakuambiwa hata asante. Alipoaga, hakuna aliyenyanyuka. Binamu yako wa damu alitoka mlangoni peke yake kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme.

Nikamwambia: mwanangu, hilo mimi nalijua. Nililiona hapa mwaka wa 2008, tulipomzika mama yako. Siku ya kuanua matanga, wazee wa ukoo waliaga. Watu waliompokea Mfilipino, wakampa mke, wakampa na ardhi ya kumzikia mke huyo. Wakasimama. Baba yako alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango. Hakusimama. Hakusema asante. Hakuwasindikiza hata kufika kwenye mibuni. Aliangalia chini mpaka wakaisha. Mimi ndiye niliyewakimbilia barabarani, na Mzee Kalokola akaniambia mbele ya watu, "Shemeji yako ametuaga kwa makalio."

Miaka sita nabeba sentensi hiyo. Sikuwahi kumwambia baba yako, na yeye hakuwahi kuniuliza kwa nini sikumwandikia tena.

Wazee nimewauliza. Jibu lao ni hapana. La kwangu sijaliandika.

Evodius


Coon Rapids
15 Juni 2014

Mjomba,

Shikamoo. Mpe pole Mama Jairus kwa malaria, na kwa barua yangu. Huku ni joto na mbu, mbu wasio na malaria ila wana hasira.

Mwaka 2008 nilikuwa nimekaa upande wa kulia wa kiti kile. Kwa hiyo nitakueleza nilichokiona.

Kwa watu wa Batangas, mfiwa hamsindikizi mgeni. Hasimami mlangoni, hamtoi nje, wala hasemi asante kwa rambirambi. Wanaamini kwamba mfiwa akikutoa nje anakutoa na kifo, unakwenda nacho kwako. Basi mfiwa anakaa. Mgeni anaondoka peke yake, na kifo kinabaki kwenye nyumba ambayo kimeshaingia. Ni sheria ngumu kuliko zote kwao, na anayeivunja anaonekana kama anayewatakia wageni mabaya.

Baba alijua mnachofikiri. Hakuwa mjinga, alikaa kwenu miaka kumi na tano na alimsindikiza kila mgeni aliyekanyaga nyumba yetu, wengine hadi wakamwomba arudi. Siku ile aliwaona wazee wamesimama wakingoja. Nilimwona akishika kingo za kiti kwa mikono miwili. Kwenye ndege nilimwambia, "Baba, umewaudhi." Akasema, "Bora wanichukie wakiwa hai."

Nikamuuliza kwa nini hakueleza. Akasema hakuna mwenyeji aliyemuuliza, na mtu hajielezi kwenye msiba wa mke wake.

Mimi siamini mambo hayo. Nafanya kazi maabara, najua watu wanakufa kwa nini. Lakini Baba alipokufa, nilikaa kwenye kiti kama alivyokaa yeye. Jairus alifika mlangoni, akageuka, akasema, "Dada, hata hatua mbili?" Nikamwambia, "Mlango unaujua, Jairus. Pita." Akasema, "Marekani imekuharibu." Nikacheka, kwa sababu Marekani ilikuwa haimo kabisa katika jambo lile. Kucheka ndiko kulikomuudhi zaidi.

Jambo hili sasa umelijua. Unaweza kuwasomea wazee au usiwasomee. Siombi radhi kwa niaba ya Baba, kwa sababu hakuwakosea. Kwa niaba yangu pia siombi. Kama Mzee Kalokola bado ana uwezo wa kunitukana, basi ule mwaka alifika kwake salama.

Nimekata tiketi ya Desemba. Sitamzika mahali pengine. Ukiandika hapana, nitakuja vilevile na kisanduku, nitaazima kiti kwa jirani, nitakaa kando ya barabara mbele ya kibanja chako, na utanipita kila siku ukienda kanisani. Mimi ni mtoto wake. Kukaa nimefundishwa.

Ernestina


Coon Rapids
17 Agosti 2014

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Sijui kama barua imepotea au wewe ndiye umekaa kimya. Naandika hii fupi ili, kama ile imepotea, ujue kuna kitu cha kuulizia posta.

Nimemwonyesha Jairus nakala. Aliisoma amesimama jikoni, akairudia, akaenda kusimama mbele ya kisanduku muda mrefu. Kisha akaniambia kitu ambacho huenda hakukwambia: Baba ndiye aliyemfundisha ku-drive, kwenye uwanja wa kuegesha magari wa kanisa letu, juu ya barafu, kwa makusudi. "Aliniambia nikanyage breki kwa nguvu," alisema. "Gari likazunguka kama pia. Mimi napiga kelele, yeye anasema, vizuri, sasa umeshaogopa, tuanze somo." Tulicheka, na safari hii hakuna aliyeudhika.

Alipoondoka nilimsindikiza hadi kwenye gari, kwa kuwa matanga yetu yamekwisha. Akafungua kioo akasema, "Kumbe leo mimi ni mtu?" Nikamwambia asizoee.

Ameomba likizo. Tutakuja wote wawili.

Ernestina


Bugandika
28 Septemba 2014

Mpwa wangu Ernestina,

Marahaba, mbili kwa pamoja, kwani nilikuwa na deni la moja. Barua yako ya Juni haikupotea. Mama Jairus ni mzima na amenenepa. Tumepanda machipukizi mapya upande wa barabarani, aina ambayo bwana shamba anaisifia. Sisi tunangoja kuona ndizi kabla ya kusifia.

Nilichelewa kujibu kwa sababu nilikuwa naipima barua yako na kumbukumbu zangu. Niliirudia siku ile ya 2008, mtu mmoja baada ya mwingine. Mikono kwenye kingo za kiti niliiona. Nilidhani ni kiburi. Naandika nilivyodhani, halafu naendelea.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, wazee wa ukoo walikuja. Kuna mtu aliwaambia kwamba nimeonekana napima ardhi kando ya kaburi la mama yako Kokugonza. Walikaa, wakapewa kahawa ya kutafuna na chai. Mzee Kalokola akaanza.

"Evodius, tumesikia unatuletea majivu."

Nikasema, "Namletea dada yangu mume wake."

"Mkwe hazikwi hapa."

"Na dada aliyeolewa huzikwa hapa? Mlimzika. Mlikula na nyama."

Akabadili njia. "Kesho yule binti atakuja kudai migomba."

"Akija kudai," nikasema, "nitampa jembe kwanza. Tuone kama atadai hadi mchana."

Mmoja wao alicheka, akatazamwa, akaacha. Nikawasomea barua yako, ile sehemu ya kiti. Sikupunguza wala sikulainisha. Nilipofika pale ulipoandika kwamba alifika kwake salama, Kalokola alisema, "Mtoto wa Kokugonza ana mdomo." Mama Jairus akaitikia kutoka jikoni, "Na ana macho pia, waitu, mzee wangu."

Basi wakaniambia kwamba neno la ukoo ni hapana, na kwamba wanasubiri kulisikia kutoka kinywani mwangu kabla hawajaondoka. Nikawaambia kinywa changu kimeshasema, na kibanja nilirithishwa na baba yangu, si na mkutano. Wakasema nitajutia. Nikasema nitajutia nikiwa hapahapa, kwa hiyo watajua pa kunikuta.

Wakasimama kuondoka.

Ernestina, maisha yangu yote sijawahi kumwacha mgeni aondoke peke yake. Hata aliyekuja kunidai. Mama Jairus alitoka jikoni akanivuta shati, "Baba Jairus, wazee wanaondoka!" Miguu yangu yenyewe ilitaka kwenda. Nikashika kingo za kiti. Kalokola alipofika kwenye mibuni aligeuka, akasimama kama mtu anayengojewa. Nikaangalia chini.

Akaniita kwa sauti, "Evodius! Na wewe?"

Nikamjibu nikiwa nimekaa, "Nimefiwa na shemeji."

Wakaenda. Leo asubuhi mjukuu wa Kalokola ameleta kikapu cha maharage, hakusema kimetumwa na nani, na mimi sikuuliza.

Nafasi ipo, upande wa kulia wa dada yangu. Shimo la kisanduku ni dogo, nitalichimba mwenyewe, asubuhi, wakati goti bado linatii. Jina nimemwagiza fundi wa saruji aliandike lote, Crisanto Magsino, na nimemwonya asilifupishe. Rubisi itakuwepo. Jairus ndiye atakayekanyaga ndizi, na kama miguu yake imekuwa ya Kimarekani, avae soksi.

Njooni. Kaeni mnavyotaka. Ila siku ya kuondoka msinitegemee barabarani. Mlango mnaujua.

Mjomba wako,
Evodius